Mabuti ya Saizi Ndogo

Mji wetu mdogo kule Kivu uliingiliwa na vita mara mbili nikiwa bado naishi huko. Milio ya bunduki niliizoea. Nilichoshindwa kukizoea ni watoto wa jirani zangu kurudi kutoka porini wamevaa mabuti ya jeshi, wakituamuru sisi watu wazima tukae chini.

Miaka michache baadaye nilikuwa Guangzhou, nikinunua viatu na kuwasaidia wageni kwa Kichina changu cha sokoni. Siku moja baba mmoja wa kwetu, ambaye tulisali naye kila Jumapili, aliniomba nimsindikize Zhanxi, kwenye soko la viatu vya jumla. Dukani alichagua mabuti meusi, akazikunja soli, akaridhika.

"Dada, mwulize kama ana saizi ndogo. Thelathini na nne, thelathini na tano."

"Ni ya nani, papa?"

"Ya vijana wetu. Wanalinda mji."

"Miguu ya saizi hiyo ni ya watoto," nikamwambia. "Mimi sikutafsirii."

Alicheka kwa upole, kama mtu anayemvumilia mjinga. Kisha akamgeukia mama mwenye duka na kuweka kiganja usawa wa kifua chake mwenyewe, kuonyesha kimo cha mtoto. Yule mama alimwelewa mara moja, akaingia stoo.

Niliondoka bila kuaga. Jumapili iliyofuata alikuwa ameniwekea kiti karibu naye kanisani, akanipungia mkono. Kwa kinyaa nilichokuwa nacho, sikuweza hata kuingia. Niligeuka mlangoni nikarudi nyumbani.