Kwa redio ya Ulaya mama yangu alishakufa, na ni mama ya mwingine

...na Papy akajibu kwa redio, "Ile sauti munasikia mwanzo ya wimbo, ni mwito ya mama yangu. Alikufa kwa vita." Mi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikaangalia viatu yangu. Ile mwito ni ya mama yangu mimi.

Admin, unifiche jina, na jina ya grupe pia. Ninyi bafuatiliaji, mukitutambua mukae kimya. Niko kijana ya myaka makumi mbili na tano, nakaa huku Rusizi, upande ya Rwanda, masomo niliachia darasa ya tatu primeri, basi munisamehe maandishi. Asubuhi nabebea bamama ba biashara nyanya mpaka daraja ya kuvuka Congo, Rusizi ya pili, kisha napiga ngoma kwa grupe ya rok. Tuko batatu: Papy anaimba, Dodo anapiga besi, na mimi. Hayo si majina yao ya kweli.

Singo yetu ya kwanza na ya pili hazikuenda fasi yoyote. Batu ba huku Kamembe, mji yetu, balikuwa banatucheka, "Munalia kama mbuzi imefungwa kwa mvua!" Ya tatu ndio ilitupandisha, juu ya ile mwito.

Vita ilipoingia Bukavu nilikuwa na myaka tano. Tulijificha porini. Kule bamama bakaogopa kuita mutoto kwa jina, juu jina inaonyesha unatoka wapi, na hiyo ilikuwa inaua batu. Kila mama akajitungia wimbo fupi, kama ya ndege, batoto bake tu ndio banaijua. Ya mama ilikuwa na sehemu mbili: ya kuita, na kengine kadogo ya kusema sasa toka, hakuna hatari. Siku ya kuvuka daraja alinisukuma kwa maman moja hatukumujua, akarudi kutafuta dada yangu mudogo. Sikumuona tena. Ule maman ndio alinilea, kule Nzahaha.

Nilifundisha Papy ile sehemu ya kuita, nikifikiri wimbo ikienda mbali labda itamukuta. Ile ya kusema toka nilibaki nayo.

Na kweli ikaenda! Ubelgiji ikaingia kwa orodha ya nyimbo kumi za juu, Uholandi ikafika ya pili, tukasikia hata Japon banaipiga. Mwandishi ya redio moja ya Ulaya akatupigia simu, akauliza mwito imetoka wapi. Papy na Dodo bote bakaniangalia. Dakika nzima, sauti haitoki. Ndio Papy akasema ni ya mama yake. Kisha akanipiga kwa bega, "Vieux, rafiki yangu, nimekuokoa. Ulikuwa unatetemeka kama kuku."

Ningesema ile siku. Sikusema. Na uongo ikaota mabawa: kila redio, Papy anaongeza. Mara mama yake alikufa mutoni, mara alimufia mikononi. Na mama ya Papy ni muzima kabisa, anauzisha sambaza, zile samaki ndogo, kwa soko! Akituona tunapita analalamika mbele ya bateja, "Eeh Papy, leo nimekufa wapi tena? Kama nimekufa, nani anakupikia?" Batu banacheka, nami nacheka nao.

Wiki iliyopita Dodo alinikuta kwa muzigo. Akasema kuna mama mumoja, anatoka mbali kule Shabunda, alitafuta namba ya Papy, akamutumia sauti mara tatu. "Anasema ile mwito ni yake, anatafuta mutoto wake. Papy akamujibu: maman, umekosea, mama yangu alikufa. Akamufungia namba." Nikamuuliza, huyo mama aliimba? Dodo akaniimbia vile alisikia. Aliimba na ile sehemu ya pili.

Nyanya ya batu ilimwangika yote chini.

Nilienda kwa Papy, mara ya kwanza kwa maisha yangu kupandisha sauti. Nikamwambia, "Wewe uko na mama yako! Wangu unamufungia namba?" Akakaa chini, akashika kichwa. "Ndeko, ndugu yangu, tunaenda Ulaya mwezi ujao. Bakijua nilidanganya juu ya mama aliyekufa, batatutemea mate, wimbo itashuka, safari itakufa. Na wewe ulikuwa na mdomo. Nani alikukataza kusema?" Mwisho akasema: "Kama ni yeye, mupokee, lakini kimya. Asiongee na muntu mpaka turudi."

Dodo alinipa namba. Nilipiga. Mama akauliza, "Ni wewe mwimbaji?" Nikasema hapana, mi napiga ngoma tu. Akauliza, "Dada yako alikuwa anaitwa nani?" Nilisema jina. Nilisikia tu analia, na simu ikakatika.

Sasa ndugu zangu, huyu mama amenitafuta myaka makumi mbili. Mi nitamwangalia namna gani nimwambie, mama, kwa redio wewe ni maiti, na ni mama ya Papy, ukae hivyo mpaka tutoke Ulaya? Nikisema ukweli, Dodo hakukosa kitu naye anapoteza yote. Nikinyamaza, ni mimi namuzika mama na mukono yangu. Nisaidieni mawazo, nifanye nini?

Majibu nitasoma baadaye. Lazima nende sasa hivi. Dodo ameandika toka kule daraja, mama amekuja mwenyewe kunitafuta, yuko kwa bariere, kizuizi ya mpaka, upande ya Congo, tangu saa nne. Karatasi ya kuvuka hana. Bamemupa kiti, amekataa, anasema akikaa hataona sura ya bote banaopita. Na saa kumi na mbili banafunga daraja.