Pua ya Merv Tregenza

Kila Machi, joto lilipoanza kulegea hapa Kadina, Merv Tregenza alikuwa akitoka na uma wake wa bustani kuutoboatoboa ukoka uliokauka nyuma ya nyumba. Alikuwa jirani yangu, ua wa mabati tu ndio uliotutenganisha, na sijapata kuona mtu mbishi kama yule. Alistaafu kazi ya reli, ukali wake wote akauhamishia kwenye nyasi.

Baada ya kutoboa alimwaga maji ya sabuni, ili ardhi iliyokaangwa na jua ikubali tena kunywa. Kisha alitandaza udongo mpya na kupanda mbegu penye vipara. Yote hayo yalitakiwa yaishe kabla ya Siku ya Anzac, ile ya Aprili tunayowakumbuka wanajeshi wetu, maana baada ya hapo ardhi hupoa na mbegu hugoma. Na hakuna udongo uliotandazwa kabla hajaunusa. Alichota kiganja, akakisogeza hadi puani, akafumba macho. Watu wa mtaani walimletea udongo wao auhukumu. "Huu mchachu," alikuwa akisema, au, "Huu umechoka." Tulimcheka, lakini tulimtii.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kibaya. Banda lake la bati lilikuwa halishikiki kwa joto, na humo ndani kulikuwa na mfuko wa udongo wa dukani, ule wa kupandia maua vyunguni, uliobaki tangu mwaka jana. Nilipomwona anauburuta nje, plastiki imetoa jasho kwa ndani, sikupenda.

"Merv, huo si ule wa mwaka jana?"

"Ndio huohuo. Udongo hauchachi, Dulcie. Si maziwa."

"Na hapo mgongoni pameandikwa nini? Vaa barakoa, fungulia mbali na uso. Mpaka picha wamechora, kwa ajili ya watu kama wewe."

"Hayo wamewaandikia mawakili wao."

Mkewe, Noreen, alichungulia kwenye dirisha la jikoni, mikono imejaa unga. "Mwambie wewe, mwenzangu. Mimi nimesema mpaka ulimi umekauka. Barakoa nimemnunulia, anachujia rangi."

"Nikiziba pua nitanusa na nini? Kisigino?"

Noreen alicheka. Merv akaupasua mfuko kwa sepetu, na vumbi jepesi likapanda, likabaki linaelea juani mbele ya uso wake. Akachota, akanusa. Safari hii alikawia kuliko kawaida.

"Una harufu ngeni," akasema. "Tamutamu hivi." Akanusa tena.

"Basi utupe."

"Nitupe, nipande mbegu kwenye nini?"

Kufika jioni alikuwa ameutandaza wote.

Wiki iliyofuata akaanza kukohoa. Mafua tu, alisema, huku amejifunika blanketi barazani na sisi wengine tumevaa mikono mifupi. Hata hivyo alikuwa akijikongoja kumwagilia mbegu zake, nami upande wa pili wa mabati nikawa nasikiliza: kikohozi, maji, kikohozi. Halafu asubuhi moja sikusikia kikohozi wala maji. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Nilimkuta kitandani, ngozi inachoma, anamuuliza Noreen kama treni ya Wallaroo imeshapita. Treni hiyo haipo tangu zamani. Hospitalini daktari alimtazama kidogo tu, kisha akauliza, "Mzee amekuwa akishughulika na bustani?"

Noreen akanigeukia. Daktari hakurudia swali. Alitueleza kwamba kuna vijidudu vinavyozaliana kwenye udongo wa namna ile ukikaa penye joto, na vumbi lake likivutwa, vinashukia mapafuni. Alizungumza kwa upole sana, nami upole ule niliuchukia.

Kabla hawajamwingiza mpira wa kupumulia, Merv alinishika mkono. "Nyasi imeota?"

"Imeota," nikasema. Na kweli ilikuwa imeota, imesimama mbichi na nene pale alipomwaga ule udongo. Nilitamani kuing'oa kwa meno.

Tulimzika siku mbili kabla ya Anzac. Pale kaburini kila mmoja alichota udongo kidogo na kuudondosha, kama ilivyo desturi. Zamu ya Noreen ilipofika, alijaza kiganja, akakiinua taratibu mpaka puani, akafumba macho. Nikamkamata kifundo cha mkono.

"Niache, Dulcie," akasema. "Lini huyu alikubali udongo utandazwe kabla haujanuswa?"

Nikamwachia. Akavuta pumzi ndefu.

"Huu umechoka," akasema, kisha akamdondoshea mumewe.