Mlango wa Timazi

Simu ilimkuta dada mtu akipiga pasi. Aliyepiga ni wifi yake, mke wa kaka.

"Wifi, acha chochote ulichoshika, uje. Timazi ametutoka."

Alichomoa pasi. "Mungu wangu," alisema, "na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kutoka!"

Timazi ni jina alilobandikwa kakake na mafundi wenzake kwa sababu, kama ule uzi wa kupimia ukuta, hakuwahi kumwonea haya aliyejenga upogo. Kazi yake ilikuwa kukarabati nyumba kuukuu za mawe. Tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, miguu haikumbeba tena, na chumba chake cha ghorofani kikawa dunia yake yote. Kiti cha magurudumu hakikupita mlangoni. Na mlango huo wa mawe mazito aliujenga upya yeye mwenyewe enzi za ujana, akaurudisha mwembamba vilevile kama ulivyokuwa zamani, akajisifia mtaa mzima.

"Tuyavunje tu hayo mawe, kaka," dada mtu alimsihi kila alipokuja.

"Uvunje kazi yangu huku naangalia? Nenda kavunje jiko lako."

Basi akabaki humo. Majirani walimletea kompyuta zilizokufa. Alizigonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kama alivyogonga jiwe kujua kama lina ufa ndani.

"Unapiga hodi kwa nani?" mkewe alimcheka.

Alifungua skrubu, akapuliza vumbi, na mara nyingine kompyuta iliwaka kweli. Jioni alisoma. Kitabu kikimnogea hakukikimbiza. Alirudia ukurasa uleule mpaka ashibe. Lakini akishakifunga, macho yalienda mlangoni.

"Humu nina kila kitu, mdogo wangu," alisema siku moja, "isipokuwa pa kutokea."

Wiki ile hatimaye alikubali mawe yatolewe Jumamosi. Alijisogeza na kiti chake hadi mlangoni, akaweka alama ya chaki kwenye kila jiwe. "Yatoke kwa mpangilio huu, yarudi kwa mpangilio huu. Atakayepasua hata moja, nitamtokea ndotoni."

Fundi rafiki yake alikuja kabla ya Jumamosi, kwa sababu jeneza nalo halikupita. Aliyatoa mawe akifuata chaki. Hakuna lililopasuka. Dada mtu alisimama ngazini akiomba kimoyomoyo, tena akimuuliza Mungu kwa nini hakumpa kaka hizo siku chache tu. Kisha akaendelea kuomba.

Walimteremsha, wakavuka naye ua penye jua kali. Makaburini ilisomwa sala fupi, wote wakaitikia. Wifi alitupa udongo, kisha dada mtu. Kaburi lilipofukiwa, yule fundi aliwapa mkono wote wawili, akaomba ruhusa ya kutangulia nyumbani. Alikuwa na mlango wa kurudisha.