Chupa Iliyonukia Ubani

Pampu ya Bi Rehema hapa Likoni inatoa maji, na kila nikiipita natembea kifua mbele. Lakini wallahi, nusura nimkoseshe.

Nilikuwa mbeba chupa wa mtaalamu aliyechunguza visima vyetu. Kinachojazwa na mvua ndicho kingepewa pampu. Aliniagiza nichote kisimani na kufunga papo hapo, kwani maji yakikaa nje, chembe zake nyepesi hupaa na nzito hubaki, na kipimo cha kujua yametoka wapi kikaharibika.

Kwa Bi Rehema, mjane aliyevuta ndoo kwa mikono inayotetemeka, maji yalitoka na tope. Nikamwonea huruma, nikajaza chupa zake kwa maji ya mtungini mwake, safi na baridi.

Majibu yalipokuja, mtaalamu aliwakusanya majirani kisimani kwake. “Visima vyote vinajazwa na mvua, ila hiki nina shaka nacho. Maji yake ni kama yamekaa hewani siku nyingi.”

Bi Rehema akainamisha kichwa.

Mtaalamu akafungua chupa ya akiba, akainusa, akanigeukia. “Kijana, kisima hiki hufukizwa ubani?”

“Kisima, baba?” Bi Rehema akadakia, uso ukimng'aa. “Mimi hufukiza mtungi wangu.”

Majirani wakaangua kicheko. Mimi nilishashika ndoo kabla sijatumwa.