Kakuma Niliyoibeba Kichwani

Msimu ule ulinukia dawa ya macho na moshi wa mgunga. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na macho yangu yalikuwa yameugua hadi kope zikaanza kujikunja kwa ndani na kukwaruza mboni. Mama alinipeleka hospitalini Lodwar nyuma ya pikapu, leso yake imenifunika uso kwa sababu mwanga ulinichoma kama pilipili. Daktari alinitibu, akanifunga bendeji macho yote mawili, akasema zisiguswe mpaka turudi kwake. Basi nikarejea kwetu Kakuma nikiwa kipofu wa muda. Lakini nilipoketi kivulini mlangoni, mji wote ulinijia: maduka ya mabati, kisima penye foleni ya mitungi, laga lile pana, mto wa mchanga usio na maji unaotutenga na kambi ya wakimbizi, na ng'ambo yake kibanda ambamo mama yake Nyandeng aliuza chai na maandazi. Nilijiuliza, macho yamefungwa, sasa hii Kakuma ninayoiona iko wapi?

Nyandeng alikuwa rafiki yangu, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia kambini, mrefu kuliko mimi na mbishi kuliko wote. Kila siku alivuka laga kuja kunishika mkono tukatembee. Nilipomweleza kwamba nina Kakuma nzima kichwani, alicheka.

"Hiyo si kuona, Akiru. Ni miguu yako tu imezoea. Hata punda yetu inajua kurudi nyumbani, na haina picha kwa kichwa."

"Punda umemuuliza?"

"Wewe nenda mahali miguu yako haijawahi kufika, ndiyo nitaamini."

Tulibishana hivyo siku nyingi. Mama, akiwa anasuka kikapu cha majani ya mikoma, alitusikiliza tu na kusema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi sikuridhika. Nilikuwa nimechoka kuongozwa kama mbuzi mgonjwa, na ile picha ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo.

Alasiri moja tulikuwa tukitoka kwa kina Nyandeng. Tulipofika katikati ya laga, upepo ulibadilika ghafla na vumbi likatuangukia, zito, linalokwaruza meno. Nyandeng alisimama. Mkono wake, uliokuwa ukiniongoza, uliniachia.

"Sioni kitu," alisema. "Akiru, hata wewe sikuoni."

Ndipo nikausikia mngurumo kutoka juu, upande wa milima. Kila mtoto wa Turkana anaujua: mvua imenyesha mbali, na maji yanakuja hata kama hapa hakujadondoka tone. Nikamshika Nyandeng na kuanza kutembea, mngurumo ule nikiuweka begani kwangu kulia, nikielekea mahali ambapo ukingo unashuka taratibu na watu hupanda bila shida. Nilipafahamu vizuri mno. Lakini mkono wangu uligonga ukuta wa udongo, wima, mrefu kunizidi. Mafuriko ya nyuma, wakati niko Lodwar, yalikuwa yameumega ukingo pale, na tangu nirudi Nyandeng alinivusha kwa njia nyingine bila kuniambia. Picha yangu ilikuwa ya zamani.

Nyandeng alianza kulia. Nami niliogopa, lakini nililazimisha kichwa kinionyeshe upya: kama huu ndio ukingo wetu, basi chini yake kidogo, baada ya kona, kuna kijia ambacho punda wa wauza maji hupandia. Sikuwahi kukipita. Nilikuwa nimekiona tu kutoka mbali nikichunga mbuzi, kabla macho hayajaharibika. Nikauacha mkono uteleze ukutani, tukakimbia. Ukuta ulipinda. Nikasikia harufu ya mavi ya punda, udongo ukalainika chini ya miguu, tukapanda kwa magoti na viganja. Hatukuwa tumepumua vizuri wakati maji yalipopita chini yetu yakivunja matawi.

Tulikaa pale tumeshikana hadi vumbi likatulia. Mama alitukuta tukicheka kama wendawazimu. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa.

"Miguu yako haikuwahi kupita hapa," Nyandeng alikiri baadaye. Kisha, kwa kuwa alikuwa Nyandeng, akaongeza, "Lakini picha yako ilikosea."

"Ingekoseaje kama haikuwapo?" nikamjibu, naye akacheka na kunisukuma begani.

Leo macho yangu ni mazima na ninafundisha saikolojia chuoni Lodwar. Wanafunzi huniuliza kama kweli akili huchora dunia kwa ndani, au mwili hupapasana na dunia tu na kujifunza humo. Huwaambia wasomi bado wanabishana, nami siwadharau. Kisha huwasimulia habari za ukuta ule wa udongo: kichwa kilinipa njia, mkono ukanisahihisha, kichwa kikachora tena. Nyandeng sasa ana duka Kalobeyei. Nikienda kumwona, simu hunielekeza kila kona kwa sauti ya upole, nami huifuata bila kufikiri. Siku ile lagani hakuna aliyenielekeza. Nilikuwa na Kakuma moja tu, ya zamani na yenye kosa, nayo ilituokoa sote wawili na maji.