Maoni ya Mama Kioko Kuhusu Lango

Harufu ya mbaazi mbichi zikimenywa ndiyo inayonirudisha Agosti ile. Ni harufu ya majani, kali kidogo, inayobaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni ya kipande. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, shule zimefungwa, na mbaazi zimekomaa katika mashamba yote ya juu ya Mbumbuni. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walizunguka nyumba hadi nyumba: leo wanamenya kwa huyu, kesho kwa yule, na aliyekosa kufika bila sababu alisemwa wiki nzima. Mimi sikumenya. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea, na nasema bila haya kwamba nilisoma vizuri kuliko mzee wa kanisa yeyote aliyewahi kusimama mbele yetu Jumapili.

Kitabu kilitoka kwa shangazi yangu wa Emali, kikiwa kimeng'oka jalada, kwa hivyo hata jina lake hatukulijua. Kilikuwa riwaya ya mambo yasiyowezekana. Tajiri mmoja aliyefunga kisima chake wakati wa kiangazi anakufa, anafika kwenye lango la wafu, na mlinzi wa lango, ndege mzee mwenye miwani, anamkatalia kuingia. Anaambiwa arudi duniani, asionekane na mtu, ampelekee maji kila mtu aliyefukuzwa kisimani pale. Sura baada ya sura anabeba maji, anajikwaa, analalamika, kisha polepole anaanza kuwapenda watu aliowadharau. Nilipofika pale anapomtekea maji mtoto yatima, mikono iliacha kumenya na leso zikapanda machoni.

Maoni hayakukosekana. Mke wa mchungaji alisema tangu siku ya kwanza kwamba kitabu kinapotosha watu, maana mtu akifa hungoja hukumu, harudishwi kubeba maji. Hata hivyo yeye ndiye aliyefika mapema kila alasiri na kuniuliza jana tuliachia wapi. Wengine walimpenda ndege tu, wakataka nirudie maneno yake. Waliokaa kimya ni wawili. Mmoja ni Susu, nyanya yangu aliyenilea. Wa pili ni Mama Kioko, jirani yetu wa upande wa chini wa mteremko. Kila siku walikaa wamepeana migongo, nami nilidhani wanakwepa jua.

Siku ya mwisho ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Nilisoma jinsi tajiri anavyofika kwa mtu wake wa mwisho, bibi kizee aliyelala. Anaweka maji mlangoni, na kabla bibi hajaamka, lango la wafu linafunguka, ndege anavua miwani, na tajiri anaingia akilia kwa furaha. Wanawake walishusha pumzi. Hata mke wa mchungaji alitabasamu kabla ya kujikumbuka. Ndipo Mama Kioko alipoweka ungo wake chini.

"Huyo mama hajakunywa," alisema. "Nani amemuuliza kama amesamehe? Lango limefunguliwa na yeye bado amelala."

Susu aliinuka, akaingia ndani, na hakutoka mpaka wageni walipokwenda zao. Tulipokuwa tukila ndipo aliponieleza, bila kujitetea sana. Nilipokuwa mchanga kulikuwa na kiangazi kibaya, na tangi letu la saruji ndilo pekee lililokuwa na maji upande ule. Susu alitia kufuli kwenye mfereji. Mama Kioko alikuja na mtungi mara tatu, akarudishwa mara tatu, na ng'ombe wake mmoja aliyekuwa naye akafa. "Nilikuwa na wewe mgongoni, nikaogopa," Susu aliniambia. "Lakini hayo maji yalibaki mpaka mvua ikanyesha." Alisukuma sahani pembeni. "Huyo ndege wa miwani mimi sitamngoja."

Asubuhi alijaza mtungi wa lita ishirini, akauweka mgongoni kwa kamba ya kupitisha kichwani, akaanza kuteremka. Magoti yake yalikuwa mabovu miaka mingi. Nilimwomba anipe nimsaidie, akanikaripia. Alipumzika mara tatu njiani, nami nyuma yake nilikuwa na hofu moja tu: Mama Kioko akiyamwaga maji yale, Susu hatakuwa na magoti ya kurudi mara ya pili, na wataishi hivyo, mgongo kwa mgongo, mpaka mmoja wao azikwe.

Tulimkuta Mama Kioko mlangoni na jembe mkononi. "Mama Kioko, nimeleta maji," Susu alisema. "Nimechelewa."

Mama Kioko aliutazama mtungi. "Ng'ombe hatakunywa tena," alisema, akaingia ndani. Nilijua amekataa. Kisha akatoka na kikombe cha bati. "Lakini mimi niko na kiu."

Alikunywa akiwa amesimama, akamaliza, akajaza tena na kumpa Susu. Mimi nililia, na sikuona aibu. Susu alipomaliza kunywa alifungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo wa pili wa mfereji na kumwekea Mama Kioko kiganjani. Alimwambia asiwe anapiga hodi.

Siku hizi nimo katika kundi la wasomaji kwenye simu. Mwezi uliopita tulisoma riwaya iliyochapishwa upya, ina jalada la kung'aa, na nilipoona ndege mwenye miwani nilicheka peke yangu jikoni. Wenzangu waliisifu: inatuliza moyo, inaliza, nyota tano. Siwabezi, kwa mwezi mmoja wanasoma vitabu vingi kuliko tulivyoviona utoto wetu wote. Ila kila mmoja husoma peke yake, hutoa nyota zake na kusonga mbele, na sijasikia kwamba kitabu kimemtuma mtu kwa jirani. Niliandika kwamba riwaya ni nzuri lakini lango limefunguliwa mapema, kwa kuwa bibi hakuulizwa. Mmoja akataka kujua ni mhakiki gani aliyesema hivyo. Nikamjibu kwamba ni Mama Kioko, jirani yetu, ambaye hakujua kusoma. Sikumwambia kwamba yeye na Susu wote wamekwisha kutangulia, wala kwamba ufunguo ule bado umetundikwa kwa wajukuu wa Mama Kioko, ingawa kufuli yenyewe ililiwa na kutu zamani.