Magimbi ya Nyuma ya Nyumba

Baba yangu ni fundi bomba wa idara ya maji, na kwa miaka thelathini amekuwa akitafuta mabomba yanayovuja kwa kuangalia majani. Wenzake wanamwita Bwana Unyevu. Mimi ni binti yake na sina sababu ya kumpamba, lakini kwa hilo sijaona wa kumfikia.

Tulipokuwa wadogo alitutembeza mitaani akitufundisha kusoma kuta. Upande unaopigwa na jua kutwa nzima hauna kitu. Upande wa kivulini, penye ufa na udongo kidogo, kangaga, mmea wa majani kama manyoya, limejishikiza. Alisema kangaga halikwenda pale kwa kupenda. Chembe zake hupeperushwa kila mahali, ila huota pale tu zinapopata unyevu, kivuli na pa kushika. Majani ya ndago si ya kuaminika, maana yenyewe huota popote. Mashahidi wa Baba ni vyura, kwa sababu hawahongeki. Wakihamia mahali kiangazini, wewe chimba hapo.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kirefu, na kituo cha afya kilicho mwisho wa mtaa wetu kikaanza kukosa maji. Wauguzi walishinda wakibeba ndoo. Mkuu wa idara akampa Baba wiki moja aone panapovuja, na Baba, aliyekuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu, akajibu kwamba siku mbili zinamtosha. Kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo, nasema ukweli.

Alilifuata bomba la kituo hatua kwa hatua. Akachimba penye majani mabichi, kumbe ni maji ya bafu la jirani. Akachimba penye ndago, akapata vumbi. Siku ya tano nilikuwa nimekwenda kuwaona yeye na Mama, nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, amenywea, viatu mkononi.

Mbele yake kulikuwa na kitalu cha magimbi cha Mama. Uwanja mzima ulikuwa umekauka kama tofali, lakini pale majani yalikuwa mapana kuliko sinia. Mama aligawia majirani magimbi mwaka mzima, na akiulizwa siri yake alisema ni maji ya vyombo. Nyumba ya watu wawili, sahani mbili, sufuria moja. Baba, mtu wa kunusa tone la maji la mtaa wa tatu, aliridhika na jibu hilo kwa miaka minne, na alimwambia kila mgeni kwamba mkewe ana mkono mzuri wa kupanda.

Chura akalia ndani ya magimbi.

Baba akainua kichwa. Nilimwona akipima kwa macho kutoka kona ya nyumba hadi kitaluni. Bomba la kituo linapita hapo, na kiungo cha hapo alikifunga yeye mwenyewe. Alichukua jembe, akachimba pembeni. Shimo halijafika magoti, maji yakalijaa.

Mama alikuja akasimama mlangoni, kitambaa cha vyombo begani.

"Ulijua?" Baba akamuuliza.

"Nilijua panavuja. Ndiyo maana nikapanda hapo, mahali pengine yasingeota."

"Miaka minne, mama watoto, na huniambii?"

"Ilikuwa wiki ile uliyopewa cheti cha fundi bora. Ulikitundika mwenyewe, ukawa kila mara unarudi sebuleni kukitazama. Ningeanzia wapi?" Akalitazama shimo. "Lakini sikujua kwamba kituoni wanakosa maji kwa sababu yangu."

Nilimkasirikia Mama kwa kujitia hamnazo muda wote huo, na papo hapo nikazidi kumpenda. Baba angeweza kuandika kwamba bomba limezeeka tu, na nani angebisha? Wazo hilo nilimpa mimi, na sasa naona aibu. Alipiga moyo konde, akaandika taarifa kwenye meza ya jikoni kwa herufi kubwa: mahali, nyuma ya nyumba yangu, sababu, kiungo nilichofunga mimi. Kesho yake akakifunga upya mbele ya mafundi wenzake, nao walicheka hadi wakakaa chini. Siku hizi wanamwita Bwana Magimbi. Mchana huo wauguzi walifungua bomba, maji yakatoka.

Wiki ya tatu majani yalianza kugeuka manjano. Vyura walihama bila kuaga. Baba aliumia kuyaona, akaanza kuosha vyombo yeye mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe, na kubeba beseni hadi kitaluni bila kumwaga hata tone njiani. Mama alimwacha afanye.

Nilipokwenda mwezi uliopita, yalikuwa yamebaki mashina matatu tu, mabichi, katikati ya kitalu kikavu. Nikamwambia Mama pole. Aliyatazama, kisha akamtazama Baba aliyekuwa akija na beseni lake.

"Hicho ndicho kiasi cha sahani mbili," akasema. "Yanatutosha."